Je, Karama Zilikoma na Mitume? Askofu wa Hippo Aliyejisahihisha



Ukipita katika miji yetu jioni, hasa mwishoni mwa juma, hukosi kusikia vipaza sauti. Uwanja huu una mkutano wa Injili: mgonjwa anaitwa jukwaani, anawekewa mikono, umati unapiga vigelegele. Mtaa wa pili, katika kanisa la mawe lililojengwa na wamisionari, mchungaji anawaonya waumini wake kwamba mambo hayo yalikuwa ya enzi za mitume, na kwamba siku alipokufa mtume wa mwisho ndipo kazi hiyo ilipofungwa. Watu wa nyumba moja wanatoka makanisa mawili, wanakutana mezani, na ugali unapoa wakibishana.

Mabishano hayo hayaishii mezani. Katika mtaa ninaoishi ipo familia moja ambayo mama yao anaugua kisukari. Mtoto mmoja anasema mama ameshaombewa na amepona, sindano za nini tena? Mwingine anasema uponyaji wa namna hiyo ulikwisha zamani, na hataki hata kuona watu wa maombi wakivuka kizingiti. Chupa ya dawa imo ndani ya mtungi wa maji ili isiharibike kwa joto, na mama yuko katikati, hajui amsikilize nani.

Mimi si mchungaji, wala sitathubutu kumwamulia mtu imani yake. Lakini mabishano haya yana umri mkubwa kuliko makanisa yetu yote, na yupo mtu mmoja katika historia, tena mwana wa bara hili la Afrika, ambaye alisimama upande mmoja, kisha akakiri hadharani kwamba maneno yake yalihitaji kusahihishwa. Leo nataka tumtazame huyo.

Kwanza chanzo cha ugomvi. Mnamo mwaka 55 hivi, Mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wa Korintho, mji wa bandari wa Ugiriki, waliokuwa wakigombana kuhusu nani ana karama kubwa zaidi. Akawaorodheshea karama tisa, zikiwamo uponyaji, miujiza, unabii, kunena kwa lugha na kufasiri lugha hizo. Akawaambia zote zimetolewa kwa faida ya wote. Halafu, katika sura inayofuata, akasema kwamba unabii na lugha vina mwisho wake, pale kitu kilicho kamili kitakapofika. Hapo ndipo penye kisa. Wapo wanaosema kitu hicho kamili ni Biblia iliyokamilika, kwa hiyo karama hizo zilishamaliza kazi. Wengine wanasema ni kurudi kwa Kristo mwenyewe, kwa hiyo karama bado zipo hadi siku hiyo. Sentensi ni hiyo hiyo moja, na kila upande unaisoma kwa sauti yake.

Katika karne ya pili alitokea mtu aitwaye Montanus, huko Frugia katika nchi ya Uturuki ya leo, pamoja na manabii wawili wanawake, Priscilla na Maximilla. Wakadai kwamba Roho anasema kupitia vinywa vyao. Maaskofu wakawakataa, na tangu hapo viongozi wengi wakawa na hofu na kila aliyesimama kudai ufunuo mpya. Kufika mwishoni mwa karne ya nne, Yohane Krisostomo, mhubiri mashuhuri wa mashariki, aliifafanua barua ile ya Wakorintho kwa kukiri kwamba mahali hapo ni pagumu kueleweka, maana mambo yanayosemwa humo yalikuwa hayatokei tena. Fikiria, ndugu msikilizaji: ilikuwa imepita miaka mia tatu na ushee tu, na mhubiri mkubwa tayari analisoma jambo hilo kama habari za kale.

Sasa twende kwa mtu wetu. Augustino alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo unaitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Alikwenda Italia kufundisha ufasaha wa kusema, akabatizwa Milano mwaka 387, akarudi Afrika mwaka uliofuata. Baadaye akawa askofu wa Hippo, mji wa pwani ambao sasa ni Annaba, akaushikilia uaskofu huo hadi kufa kwake mwaka 430.

Karibu na mwaka 390, kabla hajawa padri, Augustino aliandika kitabu kuhusu dini ya kweli. Humo alieleza kwamba miujiza ya mwanzo haikuachwa iendelee hadi siku zake. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya kiakili kabisa: watu wangezoea kutafuta vitu vya kuonekana kwa macho, na kitu kinachoonekana kila siku hakimshangazi mtu tena. Kanisa limekwisha kuenea duniani, alisema, ya nini tena ishara? Hoja hiyo ni nzuri, imepangwa vizuri, na wanaoamini kwamba karama zilikoma wanaitumia hadi leo.

Lakini sikiliza jambo la ajabu. Miaka miwili hivi kabla ya kuandika maneno hayo, Augustino alikuwa ameshuhudia kitu kwa macho yake. Aliporudi kutoka Italia, yeye na rafiki yake Alypius walipokelewa Karthago katika nyumba ya mtu mmoja wa heshima aitwaye Innocentius, aliyewahi kuwa wakili serikalini. Mtu huyu alikuwa na vidonda vyenye mifereji katika njia ya haja kubwa. Madaktari walikuwa wamempasua, lakini mfereji mmoja uliojificha ndani sana uliwapita. Daktari wake wa nyumbani alipotabiri kwamba itabidi apasuliwe tena, mgonjwa alikasirika akamfukuza. Siku zikapita, ikadhihirika kwamba daktari yule aliyefukuzwa ndiye aliyesema kweli. Akaitwa mpasuaji bingwa kutoka Aleksandria. Yeye akaitazama kazi ya wenzake, akaisifu, akasema si haki yeye aje kuchukua sifa ya kazi waliyoifanya wengine. Wao wenyewe wamalize.

Basi ikapangwa apasuliwe kesho yake. Usiku huo walikuja viongozi wa kanisa kumfariji. Innocentius akajitupa sakafuni kama mtu aliyesukumwa, akaomba kwa kilio na kutetemeka, hata Augustino akashindwa kuomba kwa mdomo. Moyoni alijiuliza tu: kama Mungu hasikii maombi ya namna hii, basi anasikia yapi? Asubuhi madaktari wakaja na vyuma vyao. Mgonjwa akalazwa, bandeji zikafunguliwa, mpasuaji akachungulia na kupapasa. Akakuta kovu gumu lililopona.

Msikilizaji, nakuomba ushike mambo mawili katika kisa hiki. La kwanza, hakuna aliyewafukuza madaktari chumbani ili maombi yafanye kazi. Daktari ndiye aliyetafuta kidonda, na daktari ndiye aliyesema hakipo. La pili, Augustino aliyaona hayo yote, kisha miaka miwili baadaye akaandika kwamba mambo ya namna hiyo hayakuachwa yaendelee. Macho yalikuwa yameona, lakini kalamu ikaandika kile ambacho kichwa kilikuwa kimekwisha kuamua.

Ilichukua zaidi ya miaka thelathini mambo kubadilika. Mwaka 415 yalitangazwa kupatikana, karibu na Yerusalemu, mabaki ya Stefano, yule shahidi wa kwanza aliyepigwa mawe. Sehemu ya masalia hayo ililetwa Afrika Kaskazini, na karibu na mwaka 424 Hippo nayo ikapata sehemu yake. Watu wakaanza kuja kuomba mahali yalipohifadhiwa, na habari za uponyaji zikaanza kusambaa.

Hapo Augustino akafanya jambo ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha mazungumzo ya leo. Hakuridhika na uvumi. Aliagiza kwamba kila anayesema ameponywa atoe maelezo yaliyoandikwa, na maelezo hayo yasomwe kanisani mbele ya watu, mwenyewe akiwapo. Katika muda usiofika miaka miwili yalikusanywa Hippo maandishi yapatayo sabini. Katika kitabu cha mwisho cha kazi yake kubwa, Mji wa Mungu, aliyoimaliza mwaka 426 hivi, akalalamika kwamba tatizo la miujiza ya siku zake ni kwamba haijulikani. Ikitokea, inajulikana mtaani tu; na anayesimuliwa kwingine hana sababu ya kuamini, kwa kuwa hakuna aliyeandika.

Alikuwa mkali katika hilo. Kulikuwa na mama mmoja wa Karthago, Innocentia, wa ukoo wa heshima, aliyekuwa na kansa ya titi. Daktari alikuwa amemwambia hakuna tiba. Mama yule alieleza kwamba aliota ndoto, akafuata alichoagizwa, akapona, na daktari aliyemkagua akashangaa. Augustino aliposikia kwamba mama huyo amekaa kimya hakufurahi, alimgombeza. Mama akajitetea kwamba hakunyamaza. Askofu akawageukia wanawake waliokuwa rafiki zake wa karibu, akawauliza kama wanajua habari hiyo. Hakuna aliyejua. Basi akamtaka aeleze yote mbele yao, mwanzo hadi mwisho.

Wakati mwingine ukaguzi huo ulifanyika mbele ya mji mzima. Walifika Hippo kijana Paulo na dada yake Palladia, kutoka Kaisaria ya Kapadokia. Walikuwa watoto kumi kwa mama mmoja, na walisema wote wamepatwa na ugonjwa wa kutetemeka viungo baada ya mama yao kuwalaani. Asubuhi ya Pasaka, kijana yule alianguka penye masalia, akalala kama mtu aliyepoteza fahamu, akainuka hatetemeki. Siku ya tatu baada ya Pasaka, Augustino aliwasimamisha ndugu hao wawili kwenye ngazi za kanisa wakati maelezo yakisomwa: kaka ametulia, dada bado anatetemeka. Watu waone kwa macho yao tofauti ya aliyepona na asiyepona. Askofu angali akihubiri baada ya hapo, kelele zikasikika kutoka upande wa masalia: dada naye amepona.

Unaweza kuamini au usiamini. Leo daktari wa magonjwa ya akili na mishipa ya fahamu angekuwa na maswali mengi juu ya ndugu wale, na maswali yake yangekuwa ya haki. Ninachotaka uone ni kwamba askofu yule hakumficha asiyepona. Alimpandisha ngazini pamoja na aliyepona.

Mwaka 426 na 427, akiwa na umri wa miaka zaidi ya sabini, Augustino alikaa akapitia vitabu vyake vyote, kimoja kimoja, akiandika alipokosea au alipoeleweka vibaya. Alipofika kwenye kile kitabu cha ujana wake, alisema hivi kwa ufupi: ni kweli kwamba leo watu wakiwekewa mikono hawaneni kwa lugha, wala kivuli cha mhubiri hakiponyi wagonjwa kama cha Petro. Lakini msinielewe kwamba hakuna miujiza tena, maana hata wakati naandika maneno yale nilijua habari za kipofu aliyepata kuona mjini Milano. Kwa maneno mengine, aliungama kwamba alikuwa na ushahidi mkononi, na hoja yake haikuuachia nafasi.

Sasa, ndugu msikilizaji, tazama jinsi urithi wa mtu huyu ulivyogawanywa kama nguo za marehemu. Wanaosema karama zilikoma huchukua kitabu cha ujana, na yale aliyosema kuhusu lugha, ambayo hakuyabadilisha. Wanaosema zinaendelea huchukua Mji wa Mungu. Lakini ndugu zetu Wapentekoste wanaoshika visa vile vya uponyaji huvipita haraka vile vinavyohusu masalia ya watakatifu, maana hawayataki. Kila mmoja anachukua kipande kinachomtosha.

Mabishano yakaendelea. Karne ya 16, John Calvin aliulizwa na wapinzani wake: kama mafundisho yenu ni ya Mungu, miujiza yenu iko wapi? Akajibu kwamba wao hawaleti Injili mpya, na miujiza ya Injili ile ile ilishatolewa. Karama ya uponyaji, alisema, imetoweka. Mwaka 1749 Mwingereza Conyers Middleton alitoa kitabu kukanusha miujiza yote iliyodaiwa baada ya mitume, na John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, akaahirisha safari ya Uholanzi ili amjibu. Wesley aliona kwamba karama zilipungua baada ya Kaisari Konstantino kwa sababu upendo wa Wakristo ulipoa, na wala si kwa sababu Mungu aliziondoa. Mwaka 1918 profesa B. B. Warfield wa Princeton, Marekani, alichapisha kitabu chake Counterfeit Miracles, akidai kwamba karama zilikuwa hati za utambulisho wa mitume, na mitume walipoondoka, hati ziliondoka nao. Visa vya Augustino alivichambua pia, na hakuvikubali kuwa ushahidi.

Lakini Warfield alipokuwa akiandika, moto ulikuwa umeshawaka kwingine. Mwaka 1906 William Seymour, mhubiri mweusi aliyezaliwa na wazazi waliowahi kuwa watumwa, alianzisha ibada katika jengo kuukuu la mtaa wa Azusa, Los Angeles. Mtu huyu alipokwenda kujifunza habari za karama huko Houston, ubaguzi wa rangi ulimlazimu kusikiliza masomo akiwa nje ya mlango wa darasa. Katika Azusa weusi na weupe walipiga magoti pamoja, wakanena kwa lugha, na kutoka hapo wajumbe wakasambaa duniani. Mwaka 1967 uamsho wa namna hiyo uliingia hata katika Kanisa Katoliki, ukianzia kwa wanafunzi na walimu wa chuo kikuu cha Duquesne, Pittsburgh.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili halikuwa la vitabuni. Nchini Kenya, shemasi wa Kianglikana Alfayo Odongo Mango, kiongozi wa vuguvugu la Roho, aliuawa pamoja na baadhi ya wafuasi wake huko Musanda mnamo Januari 1934, katika ugomvi uliochanganya imani na ardhi. Nchini Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Edmund John, mlei wa Kianglikana na ndugu wa Askofu Mkuu John Sepeku, alizunguka nchini akiombea wagonjwa, hadi alipofariki mwaka 1975. Na nani amesahau mwaka 2011, kijijini Samunge, Loliondo? Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alisema Mungu amemwonyesha dawa, akaitoa kwa kikombe kwa shilingi 500. Maelfu walipanga foleni usiku na mchana, na magazeti yaliripoti wagonjwa waliokata roho kabla ya kukifikia kikombe, wengine wakiwa wametolewa hospitali.

Hapo ndipo ninapomkumbuka yule mzee wa Hippo. Baada ya vikombe kunyweka, nani aliandika majina ya waliopona na wasiopona, akarudi kwao baada ya mwaka mmoja na baada ya miaka mitano? Katika mikutano yetu ya viwanjani, ushuhuda unatolewa jukwaani siku ile ile, muziki unapigwa, na kesho mkutano umehamia mji mwingine. Aliyepona hafuatiliwi. Asiyepona huambiwa imani yake ni haba, akaondoka na mzigo wa pili juu ya ule aliokuja nao. Na upande wa pili, yule anayesema yote yalikwisha na mitume hana haja ya kumwona mgonjwa hata mmoja, maana jibu lake lilikuwa tayari kabla mgonjwa hajazaliwa. Wote wawili wamekimbia ile kazi ya kuchosha ya kuandika, kuuliza majirani na kumwita daktari.

Kipo kisa kimoja cha mwisho, kilichoandikwa na Possidius, askofu aliyeishi na Augustino. Mwaka 430 jeshi la Wavandali lilikuwa limeuzingira mji wa Hippo, na Augustino alikuwa kitandani akiugua ugonjwa uliomwua. Akaja mtu na mgonjwa wake, akaomba amwekee mikono. Mzee akamjibu kwamba kama angekuwa na uwezo huo, angeanza kujiponya mwenyewe. Mtu yule akasisitiza kwamba ameagizwa katika ndoto. Basi mzee akamwekea mikono mgonjwa, na Possidius anasema aliondoka mzima. Augustino mwenyewe hakuinuka kitandani; alifariki tarehe 28 Agosti mwaka huo.

Huyo ndiye mtu ambaye pande zote mbili zinamdai. Aliomba alipoombwa kuomba. Hakudai kwamba uwezo ni wake. Hakubandika picha yake ukutani, hakutoza kiingilio, na hakuna mahali alipomwambia mgonjwa atupe dawa.

Kwa hiyo nikirudi mtaani kwetu, kwa mama yule mwenye kisukari, sina jibu la kama karama zilikoma au zinaendelea. Wasomi wameshindana kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tano, sitaumaliza mimi kwa robo saa. Lakini kwa watoto wale wawili ninalo neno. Wewe unayesema mama amepona, mpeleke apimwe damu. Kama ni kweli, kipimo hakitaidhuru kazi ya Mungu, na daktari ndiye atakayesema sindano ziachwe. Na wewe unayesema mambo hayo yalikwisha, waache wamwombee. Sala haijawahi kuharibu dawa iliyo mtungini. Majibu yakitoka, yaandikwe yalivyo, mazuri au mabaya, na mama aambiwe ukweli.

Wahenga walisema, njia ya mwongo ni fupi. Mkweli haogopi kufuatwa hadi mwisho wa njia.

Hadi wiki ijayo, majaliwa. Kwaherini.